Alhamisi ya Madume kwenye Zahanati

Walioniaga kazini mwaka huu walinipa blanketi, saa ya ukutani na ombi. Blanketi nalitumia. Saa ilisimama wiki hiyohiyo. Ombi lilikuwa niandike niliyoyaona katika chumba cha uzazi wa mpango, ili wauguzi wanaoanza wasiingie humo na makaratasi ya chuo peke yake. Nimekubali kwa sababu mvua ya Tukuyu haimruhusu mstaafu kwenda shambani asubuhi, na kukaa bure sikufundishwa.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyote vilikuwa vidogo na havimfundishi mtu kitu.

Nilianzia kwenye zahanati moja upande wa Lufingo. Ilikuwa na vyumba vitatu, na bati lililovuja juu ya kitanda cha kujifungulia na si mahali pengine popote. Mkuu wangu alikuwa Sista Anyosisye, mama mnene mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa amemzalisha mama wa karibu kila aliyepita barabarani. Wanaume wazima aliwasalimia kwa kuwakumbusha kwamba walizaliwa wakitanguliza miguu. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza cheti. Alinitazama viatu, akasema, "Kesho uje na gambuti," kisha akaniwekea sinia mezani. Juu ya sinia palikuwa na pakiti ya vidonge, kichupa cha dawa ya sindano, njiti za kuweka chini ya ngozi ya mkono, kitanzi na kondomu.

"Haya, mwanangu. Ipi nzuri?"

Nilikuwa nimetoka chuoni na alama za kujivunia. Nikaanza kueleza ipi inadumu muda mrefu, ipi inakosea mara chache, ipi ina homoni na ipi haina. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Sijakuuliza ipi inadumu. Nimekuuliza ipi nzuri."

Nikanyamaza.

"Sasa umeanza kujibu," akasema. "Kama hujajua huyo aliyekaa mbele yako anaficha vitu wapi na anamwogopa nani, hakuna iliyo nzuri. Kaa pale kwenye kona usikilize."

Nikakaa kwenye kona nikasikiliza, na nikajifunza kulinganisha njia kwa namna ambayo haikuwahi kuulizwa kwenye mtihani. Vidonge vinahitaji vitu viwili, kumbukumbu na maficho. Kumbukumbu wanawake wa Rungwe wanayo. Wanaweza kukutajia nani hakufika kwenye msiba wa nani na alitoa sababu gani. Shida ni maficho. Nyumba yenye mama mkwe haina maficho. Sindano haifichwi popote, ndiyo maana wachumaji chai waliipenda: unachomwa, unarudi shambani, hakuna anayejua. Lakini baada ya miezi mitatu lazima urudi, na mvua za masika nazo zina ratiba yake. Njiti inakaa miaka, ila wachumaji walikuwa na wasiwasi na mkanda wa kapu. "Sista, mkanda ukiisukuma haitakwenda moyoni?" Haiendi moyoni. Jibu hilo nimelitoa mara nyingi kuliko nilivyosali Baba Yetu, na mimi ni mtu wa kanisani.

Kitanzi ni kidude kidogo cha plastiki na shaba kinachokaa ndani ya mfuko wa uzazi kwa miaka mingi bila kudai chochote. Ubaya wake ni jina. Aliyekipa jina hilo hakuwahi kumruhusu mama aende nyumbani akamwambie mumewe, "Leo nimewekewa kitanzi." Mume mmoja alifika kwetu akihema, amebeba kamba zote za nyumbani kwake mikononi, mbuzi wake wakiwa wamebaki huru, akitaka kujua nani amemshauri mke wake ajinyonge. Sista Anyosisye alimkalisha, akamwekea kitanzi chenyewe kwenye kiganja. Yule bwana alikigeuzageuza, akasema, "Hiki hakiwezi kunyonga hata kifaranga." Tukakubaliana naye. Tangu siku hiyo mimi huonyesha kitu kwanza, jina baadaye, na ninawaomba na nyinyi mfanye hivyo.

Kuhusu kondomu, vitabu vinashauri ufundishe kwa kutumia ndizi. Aliyeviandika hajafika kwetu. Ukiinua ndizi mbele ya wakulima wa Rungwe, darasa zima litaishia kubishana ni ndizi ya aina gani na kwa nini imekatwa kabla haijakomaa. Sista Anyosisye alikuwa na mti aliochongewa na seremala wa Ibighi, ambaye aliambiwa ni mguu wa stuli. Seremala aliuliza stuli yenyewe ina mguu mmoja? Akaambiwa ndiyo, ni ya kukamulia ng'ombe. Aliupiga msasa vizuri sana.

Sista Anyosisye alipostaafu, mimi nilihamishiwa zahanati nyingine, upande wa Masoko, katikati ya migomba na kahawa. Huko ndiko nilikokutana na Tumpe, na kama mtasoma sehemu moja tu ya maandishi haya, someni hii.

Tumpe alikuwa mke wa Ambakisye, mkulima mwenye migomba ya kutosha, ng'ombe wawili wa maziwa na sauti nzito iliyomfanya awe tegemeo la besi kwenye kwaya ya usharika. Walikuwa na mabinti wawili, wote kwa upasuaji. Mimba ya pili ilimwachia Tumpe presha ambayo haikuondoka na mtoto. Vidonge vya kawaida nikamkatalia, kwa sababu na presha haviendi pamoja. Sindano nayo sikuthubutu kwa sababu hiyohiyo. Tukaweka njiti; akatokwa damu wiki baada ya wiki mpaka midomo ikawa myeupe, tukaitoa. Tukaweka kitanzi. Nilimwonyesha kwanza, akacheka, akakubali. Baada ya miezi kadhaa kikatoka chenyewe bila yeye kujua. Hilo hutokea. Halitokei sana, lakini Tumpe alikuwa mtu wa kutokewa. Aliporudi kwangu hakuja kuangaliwa kitanzi, alikuja kwa sababu hakuziona siku zake.

Mimba hiyo ndiyo iliyomleta Neema, binti wa tatu, upasuaji wa tatu. Daktari wa hospitali alipofungua tumbo alikuta kovu la zamani limekuwa jembamba, karibu unaona upande wa pili. Damu ilitoka vibaya. Wakati huohuo ndio ambao mirija yake ya uzazi ingeweza kufungwa na mambo yakaisha, lakini Tumpe alikuwa amelazwa usingizi, na Ambakisye alikuwa anakimbia Tukuyu nzima kutafuta watu wa kumtolea mke wake damu. Hakuna aliyekuwepo wa kuulizwa. Kuokoa maisha kukawa kazi ya kutosha kwa siku hiyo.

Daktari aliniita baadaye akaniambia mambo mawili. La kwanza, mimba nyingine itampasua, na kutoka kwao mpaka hospitali hatafika. La pili, ndani ya tumbo lile kila kitu kimegandana na makovu, kwa hiyo hata kumfungua ili kumfunga kizazi ni hatari ambayo asingependa kuijaribu kama ipo njia nyingine.

Njia nyingine ilikuwepo. Ilikuwa inaimba besi.

Sasa nieleze kidogo, maana hapa ndipo wauguzi wengi hupita haraka. Kumfunga uzazi mwanamke ni kuingia tumboni, kutafuta mirija inayopitisha mayai na kuifunga. Kwa mwanaume ni tundu dogo kwenye ngozi ya pumbu, kwa ganzi tu. Mirija miwili inayopitisha mbegu inakatwa na kufungwa, na mtu anavaa suruali yake anakwenda nyumbani. Ukilinganisha kwa vitabu, ya mwanaume ni nyepesi na salama zaidi. Ukilinganisha kwa foleni, benchi la wanawake lilikuwa linajaa mpaka nje, na benchi la wanaume tulikuwa tunawekea ndoo.

Nilimweleza Tumpe, akasema hawezi kumtajia mumewe jambo hilo. Nikasema nitamtajia mimi. Akasema, "Sista, usimtishe. Yeye mwenyewe ameshatishika." Sikuelewa siku hiyo alikuwa na maana gani.

Bahati ikaleta timu ya uzazi wa mpango kutoka mkoani. Walipanga kuja Alhamisi na daktari kijana aliyefuzu kufunga wanaume. Nikapeleka tangazo kanisani. Sikujua kwamba bwana mifugo naye alikuwa amepeleka la kwake, kwamba Alhamisi hiyohiyo atakuwa ofisi ya kata kuhasi madume ya ng'ombe, wenye nayo wayalete yakiwa yamefungwa kamba. Mzee wa kanisa aliyesoma matangazo alikuwa na miwani ya marehemu kaka yake. Aliyapokea matangazo mawili, akayaona yote yanahusu Alhamisi, madume na kufunga, na kwa kutaka kubana muda akayasoma kama moja. Waumini wakatangaziwa kwamba Alhamisi huduma ya kufunga wanaume itatolewa zahanati, ni bure, wafike mapema, wafungwe kamba vizuri wasije wakarusha mateke, na kwa kuwa koleo ni moja, wapange foleni.

Kwa wasiofuga: koleo la kuhasi ni chuma kirefu chenye mikono miwili. Kinabana. Sitaeleza zaidi.

Alhamisi hiyo Masoko haikuwa na wanaume. Pale dukani ambapo huwa wamekaa tangu asubuhi palikuwa na benchi tupu na mbwa. Wengine walikumbuka mashamba ambayo hawakuyapalilia tangu wayarithi. Bwana mifugo alikaa ofisi ya kata na koleo lake akisubiri mpaka mchana. Daktari kijana alikaa kwetu na vifaa vyake vilivyochemshwa. Akaniuliza, "Mama, watu wenu wana nini?" Nikamjibu kwamba bado nachunguza.

Karibu saa tano akaingia getini mwanaume mmoja tu, akivuta ndama dume kwa kamba. Alikuwa Ambakisye. Jumapili hakwenda kanisani kwa sababu mtoto alikuwa na homa; jirani ndiye aliyemwambia kwamba kuhasi kumehamishiwa zahanati. Alimfunga ndama kwenye nguzo ya bango letu, lile lenye picha ya baba, mama na watoto wawili waliovaa viatu vyeupe ambavyo havijawahi kuonekana Rungwe wakati wa mvua. Akauliza foleni inaanzia wapi.

"Foleni ni wewe," nikamwambia.

Tulipomweleza kosa lenyewe hakucheka. Alimtazama daktari, akatazama mlango wa chumba cha upasuaji mdogo, akakaa juu ya mzizi wa mparachichi.

"Kwa hiyo na nyinyi mnafunga. Mnabana au mnakata?"

Daktari alianza na maneno ya Kilatini. Nikamwomba apumzike. Nikamwambia Ambakisye kwamba koleo la bwana mifugo linabana kila kitu, pamoja na mishipa ya damu, ndiyo maana zile za ng'ombe zinakufa na dume linasahau udume wake. Kwa mtu hakuna kinachokufa. Damu inapita kama kawaida, ndevu zinabaki, sauti inabaki, hamu inabaki. Kinachokatwa ni mrija wa mbegu tu.

Neno mrija likamfanya ainue kichwa. Kwetu mrija ni wa kunywea kimpumu, pombe ya ulezi, wazee wakizunguka chungu kimoja kila mtu na wake.

"Mrija," akasema. "Chungu kinabaki?"

"Kinabaki."

"Na kimpumu kinabaki?"

"Kinabaki palepale na kinaendelea kuchachuka. Kisichofika mdomoni ni mbegu. Mengine yote utayaona kama ulivyozoea."

Alifikiri. Daktari kijana, ambaye alikuwa ameokoka, alitazama pembeni.

"Sista," Ambakisye akasema taratibu, "tangu tumtoe hospitali, Tumpe analala na watoto. Nikigusa mlango anaanza kutetemeka. Simlaumu. Na mimi nikimwona ananiangalia hivyo, naogopa mkono wangu mwenyewe. Tunaishi kama tumegombana na hatujagombana."

Ndipo nikaelewa maneno ya Tumpe. Nilikuwa nimezoea kuwaza mfuko wa uzazi wa Tumpe, kovu lake, presha yake. Sikuwa nimewaza mlango. Nikajifanya namfukuza ndama asile khanga iliyoanikwa.

Ambakisye hakukataa wala hakukubali. Alisema hawezi kufanya jambo kama hilo bila kumwambia taata, yaani baba yake. Akamfungua ndama wake, akaondoka kwenda ofisi ya kata, ambako alimkuta bwana mifugo akifunga mkoba. Kwa hiyo siku hiyo tulihudumia mteja mmoja katika kata nzima, na alikuwa na miguu minne.

Baba yake, Mzee Asegelile, alikuja zahanati wiki iliyofuata, siku ambayo Tumpe alikuwa ndani kupima presha. Hapo lazima nieleze desturi yetu. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawaonani uso, hawasemeshani, na mke akisikia mkwe anakuja anajifunika kichwa na kujitenga. Tunaita kutila. Vijana wa mjini wameilegeza. Mzee Asegelile hakuwa kijana na alikuwa hajawahi kuwa wa mjini.

Tumpe alikisikia kikohozi chake kutoka getini. Kabla sijavua mpira wa mashine ya presha mkononi mwake alikuwa ameshajitupia khanga kichwani na kuchutama nyuma ya ukuta wa mbao uliogawa chumba changu, mpira ukining'inia. Mzee akaingia upande wa pili, akavua kofia.

"Ndaga, sisita."

"Ndaga, taata. Karibu ukae."

Ukuta ule ulikuwa wa plaiwudi na haukufika darini. Mtu akikuna kichwa upande mmoja, wa pili anasikia. Mzee alijua nani yupo huko. Kandambili za Tumpe alizipita mlangoni. Lakini kwa desturi hakuwepo mtu.

"Nasikia mnataka kumfunga mwanangu," akasema. Kiswahili chake hakikuwa na herufi r wala z, na hakikuzikosa. "Mimi si mtu wa gisa. Najua dakitali anasaidia watu. Lakini mwanamke akifungwa, imefungwa nyumba moja. Mwanaume akifungwa, mmefunga ukoo. Kwa nini asifungwe yeye?"

Nikamweleza kuhusu tumbo na makovu.

"Basi apumsike, asisae tena. Ambakisye aoe mwingine. Hapa kuna wasichana watatu tu. Nani atabaki na boma langu?"

Nyuma ya mbao mpira wa presha uligonga sakafu.

"Taata, kuoa mwingine hakumzuii mwanao kuwa mume wa huyu," nikasema. "Akipata mimba atakufa. Sikutishi. Atakufa."

"Muulise huyo mtu yeye anasemaje."

Nikainama upande wa mbao. "Mzee anauliza unasemaje."

"Nimesikia, sista."

"Anasema amesikia," nikamwambia mzee, ambaye naye alikuwa amesikia.

Tukaendelea hivyo, mimi nikiwa katikati nikibeba maneno kutoka sikio moja lililokwisha kuyasikia kwenda jingine lililokwisha kuyasikia. Mzee akauliza kama huyo mtu anajua kwamba mwanaume asiye na mtoto wa kiume hucheka na watu huku moyoni analia. Nikapeleka. Huyo mtu akasema anajua. Mzee akauliza kama anamwonea mumewe huruma. Nikageuka kupeleka na hilo, lakini Tumpe hakunisubiri.

"Taata," akasema.

Nilisimama. Katika miaka yote ya ndoa yake, mzee yule alikuwa hajawahi kuisikia sauti hiyo ikimwita.

"Taata, mama yake Ambakisye alikufa akijifungua. Ambakisye amelelewa na watu. Mpaka leo akila, anakula haraka, kana kwamba kuna atakayemnyang'anya. Mimi sitaki wanangu walelewe na watu. Nataka kuishi. Ni hilo tu."

Halafu akaanza kulia, si kwa sauti, lakini mbao zilikuwa nyembamba.

Mzee Asegelile alikaa na kofia yake magotini. Uso wake sikuweza kuutazama, nikapanga mikasi ambayo tayari ilikuwa imepangwa. Mwishowe akainuka. Alipofika mlangoni alinisogelea akaninong'oneza, "Kumbe huyu mtu ana sauti." Akaenda zake.

Nilidhani tumeharibu kila kitu. Kuvunja kutila si jambo dogo. Watu huitishiwa kikao kwa kosa dogo kuliko hilo. Lakini Ambakisye alipomuuliza baba yake mambo ya zahanati yalikuwaje, mzee alijibu kwamba hajui. Alikwenda kumsalimia sista. Hakuna mtu mwingine aliyezungumza naye, na kwa desturi watu wawili kama hao hawawekwi chumba kimoja. Kwa kuwa hakusikia lolote, hana lolote la kukataza. Nimeshuhudia vikao vingi vya wilaya vikijaribu kufikia uamuzi kwa ustadi kama huo na kushindwa.

Timu ya mkoani iliporudi, Ambakisye alikuja peke yake, bila ndama. Ganzi ilimuuma kuliko upasuaji. Alikuwa ameshika mkono wangu, na katikati ya kazi akamuuliza daktari kama ameshapita mrija wa kwanza. Daktari akasema amemaliza yote miwili. Ambakisye akasema, "Ndiyo hiyo tu?" kwa sauti ya mtu aliyedanganywa na majirani kwa muda mrefu.

Tulimpa masharti. Asibebe mkungu wa ndizi kwa wiki nzima. Na kwa miezi mitatu watumie kondomu, kwa sababu mbegu zilizokuwa zimeshaanza safari kabla barabara haijafungwa bado zipo njiani. Sharti hili mlikazie, wenzangu. Mwanaume akishafungwa hujiona amemaliza siku hiyohiyo, na mtoto atakayekuja hapo katikati atamletea mama yake maswali ambayo hayastahili kuulizwa. Niliutoa mti wa seremala, ambao Sista Anyosisye aliniachia alipostaafu, nikamfundisha Ambakisye mbele ya Tumpe. Walitazama kwa makini kama wanafunzi wa ubatizo.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa. Kwaya iliposimama, hakuna aliyewasikiliza waimbaji wa sauti ya kwanza. Watu waliinamisha vichwa wakitafuta besi, na besi ilikuwa palepale, ikitetemesha madirisha. Nyuma yangu mama mmoja akamwambia mwenzake, "Mbona haijapanda?" Mwenzake akajibu kwamba pengine dawa inachukua muda. Walimchunguza miezi mingi. Wengine walisema ananenepa. Alinenepa kweli kidogo, kwa sababu Tumpe alianza kupika kwa moyo.

Baada ya miezi mitatu kipimo chake kilipelekwa hospitali. Nilikwenda naye kuchukua majibu. Mtu wa maabara akasema hakuna mbegu hata moja. Ambakisye aliniomba nimweleze tena, nikamweleza. Akasimama pale korido, mtu mzima, mikono imening'inia.

"Kwa hiyo naweza kumwambia arudi chumbani?"

"Mwambie."

Nilikwenda choo cha wafanyakazi nikalia. Muuguzi wa zamu akaniuliza kama nina malaria. Nikasema inawezekana.

Baada ya hapo wanaume wengine walianza kuja, mmojammoja, wakipitia mlango wa nyuma na kudai wamekuja kupima macho. Hilo ni simulizi jingine.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu, Mzee Asegelile alipata kiharusi. Upande mmoja ukafa. Mke wake wa pili alikuwa ameshatangulia, mabinti zake wameolewa Dar es Salaam na Kyela, na Ambakisye hana mikono ya kuuguza. Ana mikono ya kubeba. Wakawa wanaitwa vijana wa jirani kumwogesha, na walimwogesha jinsi wanavyoosha pikipiki. Akaanza kupata vidonda mgongoni. Nikawa napita jioni kuvisafisha na kupima presha.

Siku moja nilipofika, vijana hawakuja. Mzee alikuwa amelala ameelekea ukutani, na harufu ilikuwa inasema yote. Tumpe alikuwa amesimama nje ya mlango na beseni la maji na sabuni, khanga kichwani mpaka machoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Mimi nilipita katikati yao na mkoba wangu, kama kawaida.

"Sisita," mzee akasema, mdomo ukimwendea upande.

"Taata."

"Yupo mlangoni?"

"Yupo."

Nilimwona akihangaika na shuka kwa mkono wake mmoja mzima, akijaribu kujifunika, na akishindwa.

"Mwambie maji yasiwe ya moto sana."

Niligeuka ili nimwambie, lakini Tumpe alikuwa ameshaingia. Aliweka beseni chini, akapiga magoti kando ya kitanda, akarudisha khanga mabegani ili apate kufanya kazi. Alimshika bega, akamgeuza taratibu kutoka ukutani, kichwa chake akakiweka kwenye mkono. Mzee akawa hana pa kuangalia isipokuwa usoni mwake. Alimtazama yule mwanamke kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma bila miwani.

"Kumbe Neema amefanana na wewe," akasema.